Mama Anataka Kupanda Mlima

Vallmorena, 20 Septemba 1953

Kaka yangu Baldiri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Odile, na yule binti yenu ambaye sisi huku tunamjua kwa picha tu. Sisi tunapumua. Zabibu tumevuna, kidogo lakini tamu, na dagaa mwaka huu wamekuwa wengi mpaka chumvi ya kuwahifadhia imeadimika. Mama anakula, analala, na kila asubuhi anagombana na kuku wake, kwa hiyo ujue afya anayo. Barua nampa Llorenç kama kawaida aifiche kwenye mkebe wake wa chakula. Tangu wamrudishe kwenye treni ya Portbou, ile inayovuka mpaka, binamu yetu anajidai utadhani reli aliijenga baba yake.

Jumapili ya kwanza ya mwezi nilipanda na chama chetu cha milima hadi kwenye mwamba wa kutazamia. Hewa ilikuwa safi, ghuba yote ilionekana hadi rasi ya kusini, na upande wenu wa mpaka niliiona ile shuka yako nyeupe uliyoitandika juu ya mawe. Nilipunga leso mpaka mkono ukafa ganzi. Wenzangu walijifanya wanaangalia bahari. Ermengol peke yake ndiye aliyeniuliza kama nimekuona, nikamwambia nimeona shuka. Tangu mwaka ule mlipovuka na vita vikaisha, kaka, mimi naona shuka.

Sasa jambo lenyewe. Jioni nilipomsimulia Mama, hakuuliza ulikuwa umekaa upande gani wa mwamba, kama anavyouliza siku zote. Alisema tu, "Na mimi nitapanda." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Unajua jinsi vyama vya milima vinavyopeleka pango la Noeli kileleni kila Desemba, na kuliacha huko na sanamu zake hadi sikukuu ya Mishumaa. Miaka yote hii sisi tumeishia kwenye vilima vya chini. Safari hii padre ametuombea ruhusa ya kufika kilele cha Puig Esteper chenyewe, kwenye jiwe la mpaka. Mama alisikia tangazo kanisani, na tangu hapo hana habari nyingine. Anasema wewe utasimama upande wako wa jiwe, yeye upande wake, na hakuna serikali itakayosema mtu amevuka.

Ana miaka sabini na mitatu na goti lake unalijua. Ukishapita kituo cha askari hakuna hata mti wa kushika, na tramuntana ikianza kuvuma kutoka kaskazini hata mwanamume mzima anatambaa. Naogopa, kaka. Nikimkataza nitakuwa mimi ndiye niliyemnyima kumwona mwanawe kabla hajafa. Nikimruhusu akaanguka, nitakuwa nimemuua. Niambie nifanye nini. Na niambie kama utakuja, maana hilo ananiuliza asubuhi na jioni.

Mdogo wako,
Remei


Banyuls, 14 Oktoba 1953

Remei mdogo wangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Barua yako imechukua wiki tatu kunifikia, ingawa nikisimama kibarazani kwangu nauona moshi wa treni inayoingia kwenye handaki la kwenu. Llorenç alikuwa na homa. Odile anawasalimu. Mtoto ameng'oka jino la mbele na anataka bibi yake ajulishwe rasmi, basi nimekujulisha. Mavuno yamekwisha na mgongo wangu nao umekwisha.

Kuhusu Mama jibu langu ni hapana. Usinielewe vibaya. Mwezi uliopita, baada ya kukunja shuka, nilipanda juu zaidi mpaka karibu na kilele. Niliwaona askari wawili wa kwenu wameegemea jiwe la mpaka wanakula mkate na soseji, miguu yao iko upande wa kwangu. Jiwe haliwazuii miguu, na siku wakitaka halitawazuia mikono. Jina langu bado wanalo tangu vita. Unataka Mama apande siku nzima ili aje aone mwanawe anavyoburutwa?

Na kuna jingine. Yeye anamkumbuka kijana aliyeondoka na nywele nyeusi. Siku hizi nimeinama kama mizabibu ninayoipogoa. Aendelee na yule wa zamani, atamfaa zaidi.

Mwambie mimi ndiye niliyekataa. Lawama ziwe zangu.

Hata hivyo, nitajie tarehe.

Baldiri


Vallmorena, 3 Novemba 1953

Kaka Baldiri,

Tumeadhimisha siku ya Marehemu, tumechoma njugu za msituni, na kaburi la Baba nimelipiga chokaa. Pongezi kwa mtoto kwa jino lake. Mama ameagiza asilitupe, lakini hakusema alifanye nini.

Nilimsomea jibu lako neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baldiri hata kunyonya alikataa kwanza." Akainuka akaenda kutafuta viatu vyake vya kamba.

Siku ni Jumapili, tarehe ishirini Desemba. Sasa unayo.

Mazoezi ameyaanza siku ileile. Kila alasiri anapanda ngazi za mawe za mashamba ya mizabibu mpaka kapela ya juu, na Ermengol anamsindikiza baada ya kazi, mikono bado myeusi kwa magome ya miti anayokatia vizibo vya chupa. Mimi nikitaka kwenda nao Mama ananiambia nimpikie supu. Wanakaa huko juu kwenye ukuta wa kapela wakitazama bahari na kuzungumza, na nikiuliza walikuwa wanazungumza nini, Ermengol anaangalia kofia yake. Juzi walirudi Mama anacheka na Ermengol amekunja uso. Sikupenda.

Kaka, kuna mambo yanayonikosesha usingizi. Kuku wote amewagawa kwa jirani. Wale kuku aliokuwa anawajua kwa majina. Jumamosi aliniita akanivalisha hereni zake za ndoa, akasema masikio yake yamechoka kuzibeba. Ameniambia zilipo shuka nzuri, na deni gani analo kwa mtakatifu gani. Juzi nimemkuta anafua gauni jeusi. Mtu anapoanza kugawa vitu vyake, sote tunajua anaelekea wapi. Nadhani anataka kukuona kisha afe, na nadhani ameamua kufia kule juu.

Nimemwambia daktari wa mjini aje amwangalie. Mama alimpokea vizuri, akampa mvinyo, akamuuliza yeye goti lake linaendeleaje.

Umeniuliza kupitia Llorenç habari za mimi na Ermengol. Hakuna habari. Ameuliza tena, nimemjibu vilevile. Nitamwachaje Mama? Tusizungumze hayo.

Utakuja au huji? Andika neno moja tu.

Remei


Banyuls, 24 Novemba 1953

Remei,

Sote wazima. Baridi imeingia. Nina kazi nyingi hivyo naandika kwa kifupi.

Nitakuja.

Msipite korongoni hata kama ni njia fupi, mawe yake yamelegea tangu mvua za mwaka jana. Zungukeni kwa mgongo wa mashariki, ni mrefu lakini ardhi imeshikana, na mna ukuta wa zizi la zamani wa kujikinga upepo. Mama avae fulana mbili za sufu. Asipewe maji ya baridi njiani. Apumzike kila anapotaka, si kila mnapotaka ninyi. Mkiona wingu refu limelala juu ya milima ya kaskazini asubuhi, msitoke kabisa. Ni afadhali nisimwone.

Llorenç amenifikishia maneno mawili matatu ya Mama ya mdomo. Nimeyasikia.

Unauliza ninashughulika na nini siku hizi. Napaka chokaa kile chumba kidogo cha nyuma. Cha kuwekea vitunguu.

Ermengol ni mtu mzuri. Ningekuwa wewe ningemjibu vingine.

Baldiri


Vallmorena, 8 Desemba 1953

Kaka,

Salamu kwa Odile na mtoto. Huku wazima, ukiniondoa mimi.

Tramuntana imevuma siku tano bila kupumzika, imeng'oa vigae vya zizi. Leo imetulia na kila mtu anasema sasa imejimaliza mpaka Noeli. Kila mwaka wanasema hivyo. Naamka alfajiri kuangalia milima ya kaskazini kama kuna lile wingu, halafu narudi kitandani na macho makavu.

Ruhusa imeandikwa, watu kumi na mmoja, majina yote yako kituoni. Koplo wa pale ni mgeni, anatoka mbali kusini, na wanasema ana tabia ya kuhesabu watu wanaopanda na wanaoshuka. Kuhesabiwa hakunitishi, Mama atapanda nasi na kushuka nasi. Kinachonitisha ni yeye aishiwe pumzi kule juu. Tukishindwa kumshusha je? Chini kwetu ni mbali, kwenu ni karibu zaidi kwa mteremko wenu wa mizabibu, lakini huko hawezi kwenda. Umefikiria hilo? Nijibu tafadhali, maana Ermengol nikimuuliza anasema "tutaona", na Ermengol si mtu wa "tutaona". Yeye hata kamba ya mkoba anaikagua mara tatu.

Na unakuja na nani? Peke yako? Odile atakuja? Nimekuuliza mara mbili na hujajibu.

Jana Mama alikaa kwenye kaburi la Baba mpaka jua likazama. Nilipomfuata alisema, "Tulikuwa tunaagana." Nimelia jikoni ili asinisikie.

Nijibu kabla ya tarehe ishirini.

Remei


Vallmorena, 23 Desemba 1953

Baldiri,

Hujanijibu, na sasa najua kwa nini. Salamu nitaziweka mwisho, nikiwa bado ninazo.

Wewe uliona kileleni tu. Yaliyotangulia na yaliyofuata hukuyaona, nami nitakuandikia yote, ukae nayo.

Tulitoka gizani. Mama alipanda vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba. Ermengol alikuwa mbele yake, mimi nyuma, na kila hatua mikono yangu ilikuwa tayari kumdaka. Kwenye mwamba wa kutazamia jua lilichomoza kutoka baharini, na Mama akasimama akaangalia chini: paa zetu, mnara wa kanisa, boti kwenye mchanga, mashamba ya mizabibu ya Baba. Aliangalia muda mrefu. Nikadhani anapumzisha goti. Nilimwambia twende, tutapaona tena tukirudi. Akageuka, akamfuata Ermengol.

Kituoni yule koplo alituhesabu, kisha akafungua sanduku la pango, akaanza kupekua majani chini ya sanamu ya punda akitafuta sijui nini. Akamtoa yule mtu wetu wa udongo aliyechutama, suruali chini, yule tunayemficha nyuma ya zizi la Mtoto. Kwao hawana kitu kama hicho. Akamgeuza huku na huku, akauliza kwa ukali huyu anafanya nini mbele ya Familia Takatifu.

"Anafanya kile unachofanya hata wewe koplo kila asubuhi," Mama akasema. "Anarutubisha shamba. Usipomweka, mwaka unakuwa mbaya."

Nilitamani ardhi inimeze. Koplo akamtazama, akamtazama na yule wa udongo, na askari wa nyuma yake akaanza kucheka, naye akashindwa kujizuia. Akatupisha. Hakuuliza bibi wa umri ule anakwenda kutafuta nini kwenye kilele kile.

Baada ya hapo palikuwa na mawe tu. Upepo ulianza tulipofika kwenye ukuta wa zizi, si mkali, ila wa kutuonya. Nilitaka turudi. Ermengol hakutaka. Mimi na yeye tulibishana mbele ya watu, na nilimwambia maneno ambayo leo ningetoa chochote kuyafuta.

Halafu kilele, na wewe. Umeinama kweli. Hukudanganya. Mama alikushika uso kwa mikono miwili, akakugeuza kwenye mwanga kama anavyokagua tikiti, akakupiga kofi dogo. Mtoto wako akamwonyesha pengo. Wote tulilia, hata wale wa chama waliokuwa wanajifanya wanapanga sanamu. Nilikuwa na furaha, Baldiri. Kwa muda wa wimbo mmoja na kipande cha mkate sikuogopa kitu.

Kisha nikamwona nyumbu nyuma yako, ana matandiko, na juu ya matandiko kuna mto wa kitandani. Nikajiuliza wewe mwenye miguu miwili unamtakia nini nyumbu mwenye mto.

Ermengol alisema upepo unaongezeka, tushuke. Mama alikuwa anataka kuvuka lile jiwe, na mimi nikadhani anataka kumbusu mtoto mara ya mwisho. Ule mguu wake mbaya haunyanyuki bila kushikwa. Nilimshika mimi. Mimi mwenyewe nilimpa mkono akavuka. Alipofika upande wenu hakuuachia mara moja, aliubana.

"Sasa niachie, Remei."

"Mama, upepo unakuja."

"Najua. Ndiyo maana nyumbu anasubiri."

Nilikuangalia wewe. Ukaangalia chini. Nikamwangalia Ermengol, naye akaangalia kofia yake. Hapo nikaelewa kwamba kwenye kilele kizima mimi peke yangu ndiye nisiyejua. Hata Odile alikuwa ameleta blanketi.

Mama hakugeuka nyuma. Ungemwambia basi ageuke mara moja. Nilisimama pale na upepo ukinipiga mpaka mkapotea kwenye mizabibu yenu.

Sasa sikiliza tulivyoshuka. Koplo alituhesabu, akarudia. Tulikuwa kumi. Akauliza bibi yuko wapi. Nilitaka kusema ameteleza, ameanguka, chochote. Ermengol akanitangulia.

"Amebaki."

"Amebaki wapi?"

"Kwa mwanawe."

Koplo aliuliza nani kiongozi wetu. Ermengol akavua mkoba wake, akauweka chini taratibu, akasema ni yeye. Wakamchukua. Mpaka leo yuko ndani, hatujui kwa muda gani. Nimekwenda kila siku na chakula, wanakipokea, lakini yeye hawanionyeshi. Chama kimefungwa. Mlima tumekatazwa, hata mwamba wa kutazamia. Hutaniona nikipunga leso tena, wala mimi sitaiona shuka yako.

Wewe umempata Mama. Mimi kwa siku moja nimepoteza watu wawili. Mlikuwa mnaandikiana kwa mdomo wa Llorenç huku mimi naamka alfajiri kuangalia mawingu. Kwa nini hamkuniambia?

Amefika salama? Goti? Alikula nini usiku ule? Ule upepo ulivuma hadi asubuhi na sijui kama aliufikia mlango kabla haujaanza. Niambie hilo kwanza, mengine baadaye.

Salamu kwa Odile na mtoto. Kwako bado sina.

Remei


Banyuls, 12 Januari 1954

Remei mdogo wangu,

Alifika. Nimeanza na hilo kama ulivyotaka. Aliufikia mlango jua likiwa bado lipo, akala supu sahani mbili, akasema Odile anabania chumvi, akalala kwenye kile chumba nilichokuambia ni cha vitunguu. Goti lilivimba siku tatu, sasa linakwenda. Lugha ya hapa haijui na haitaki kuijua, anawasemesha wauza samaki kwa lugha yetu na wanamwelewa.

Llorenç ameniambia Ermengol ametoka kizuizini tarehe sita, siku ya Wafalme, amekonda lakini mzima. Nimeshukuru Mungu. Ameniambia pia kwamba hii ndiyo safari yake ya mwisho, wanamhamishia kituo cha mbali bara. Kwa hiyo haya ndiyo maneno ya mwisho tunayoweza kuandikiana bila watu kutusoma.

Sina cha kujitetea. Nilikataa mara nne. Mara ya tano Mama alinitumia ujumbe kwamba nisipokuja na nyumbu atavuka kwa miguu peke yake, nami namjua. Kuhusu kwa nini hatukukuambia, amesema atakujibu mwenyewe. Ameketi hapa mbele yangu, ananiangalia kalamu. Naandika anavyosema, nisije nikalaumiwa kwa kubadilisha.

"Remei, mwanangu. Kaka yako usimlaumu, ni mwoga lakini ana huruma. Ermengol naye usimlaumu. Nilimbana kule kapelani wiki tatu. Mwisho alikubali kwa sharti moja, kwamba kwa askari atajibu yeye, wewe usiguswe. Ndipo nikajua kwamba sijakosea.

"Nimekwambia niliwasikia? Hapana, nadhani sikukwambia. Ukuta wetu ni mwembamba. Kila alipokuja kukuuliza, ulimjibu, 'Si wakati Mama yupo.' Ulikuwa unasema kwa mapenzi, na mimi upande wa pili nilikuwa nalala nikiyasikia hayo mapenzi. Nikikohoa mnanyamaza wote wawili. Miaka sita nimekuwa nakohoa kwenye mto ili msisikie. Wewe nywele zinaanza kuwa nyeupe, yeye anakwenda zake na kofia yake mkononi, na mimi sifi.

"Nilikuwa na njia mbili za kukuondokea. Nimechagua hii yenye mjukuu.

"Ningekwambia ungelia, na ukilia mimi siendi popote. Tangu uko mdogo ni hivyo. Pale juu sikugeuka kwa sababu hiyohiyo. Sasa Mama yupo, anakula, anagombana na watu, na wewe huna tena la kumjibu yule mtu. Usimfanye aulize mara nyingine. Mwite wewe."

Amesema basi, inatosha. Sasa amegeukia dirisha na hataki nimwone uso.

Baldiri


Vallmorena, 1 Machi 1954

Kaka Baldiri,

Salamu kwako, kwa Odile na mtoto, na kwa Mama. Barua hii inapita posta, kwa hiyo itafunguliwa na watu kadhaa kabla yako. Nawasalimu na wao, natumaini kwao hawajambo.

Huku hatujambo. Lozi zimechanua mapema na upepo umeshaziangusha. Jirani anasema kuku wa Mama hawatagi tangu abadilishe jina la yule mwekundu. Bei ya vizibo imepanda kidogo.

Habari yenyewe ni kwamba juzi Jumamosi, kabla ya Kwaresima, mimi na Ermengol tumefunga ndoa. Nilimwita mimi, kama nilivyoelekezwa. Alikuja na kofia mkononi, na kabla hajafungua mdomo nikamwambia ndiyo, akabaki amesimama kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Nilivaa hereni. Tulikula wali wa samaki, watu wa chama walikuja wote, wakaimba nyimbo za mlimani tukiwa tumekaa ukumbini kama wagonjwa. Padre alilewa kwa heshima.

Chumba cha Mama tumekihamia sisi, kwa kuwa ndicho chenye dirisha la kaskazini. Hewa ikiwa safi kilele kinaonekana chote. Najua hakuna mtu pale, lakini nafungua dirisha kila asubuhi, na Ermengol analalamika baridi.

Mwambie Mama bado nimekasirika. Nimefurahi na nimekasirika, sijui mtu anavitenganishaje. Mwambie pia kwamba jana alfajiri Ermengol alikohoa usingizini, nami kabla sijaamka vizuri nilishainuka, nikaenda jikoni, nikamimina maji kwenye kikombe chake Mama, kile cha bluu nilichokuwa namletea usiku. Nikarudi nacho hadi kitandani nikasema, "Mama, maji." Ermengol akafumbua macho akaniangalia. Hakucheka. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa maji yote.

Dada yako,
Remei